Dakika kumi na tano za Daktari Bob

Najua nimepotea. Mmoja wenu ameniuliza kama nimeacha uandishi nikaenda kuuza mitumba. Hapana jamani. Nilikuwa na shughuli ya kifamilia, na mwenye shughuli ameniruhusu niiseme hapa, kwa sharti kwamba jina lake lisitajwe, wala mtaa anaokaa. Nitamwita Baba Mdogo, maana ndivyo nimwitavyo tangu utoto.

Baba Mdogo ni fundi umeme. Baba yangu alipofariki, yeye ndiye aliyenilipia ada mpaka nikamaliza kidato cha sita. Enzi hizo alikuwa na mkono mtulivu ajabu, anaunga waya juu ya ngazi huku anapiga mluzi. Miaka ya karibuni akiamka hawezi kushika bisibisi mpaka apate "ya kutoa mning'inio". Viroba vilipopigwa marufuku Machi 2017 pale nyumbani tulishangilia, tukadhani serikali imetumalizia kazi. Akahamia kwenye chupa ndogo. Ameapa mbele ya mchungaji mara mbili. Amelazwa mara tatu, na mara zote tatu karatasi ya kutoka hospitali iliandikwa vidonda vya tumbo. Sote tulijua si vidonda. Na daktari alijua. Ila vidonda vya tumbo vinatajika mbele ya wageni, ulevi hautajiki.

Mara ile ya tatu nesi mmoja alinivuta pembeni akaniambia kwa sauti ya chini: "Mzee wenu hana shida ya tumbo. Mtafutieni wale watu wa AA wanaokutana."

Haya, tafuta basi. Niliingia kwenye intaneti nikapata namba ya simu: haipatikani. Nikapata jina la jengo, mlinzi akaniambia hao walishahama zamani. Nikauliza kwenye makanisa mawili na duka moja la dawa. Muuza dawa akanipendekezea mizizi. Wiki tatu zikapita. Mimi ni mwandishi wa habari, kutafuta watu ndiyo kazi inayonilisha, na bado nilikuwa nimekwama. Nikajiuliza: kama mimi nisiyekunywa, mwenye bando na nauli, nasumbuka hivi, huyu anayeamka anatetemeka ataanzia wapi?

Katika wiki hizo tatu nilianza kusoma historia ya hawa watu, kwa hasira tu, nijue walitoka wapi. Na humo kwenye historia ndimo nilimopata jibu la wapi pa kutafuta. Ndiyo maana leo nawapeni historia. Vumilieni, ni hadithi tamu.

Ni Mei 1935. Mji unaitwa Akron, jimbo la Ohio, Marekani, mji wa viwanda vya matairi. Bill Wilson, mtu wa miaka 39 anayefanya kazi za hisa New York, amesimama kwenye ukumbi wa mapokezi wa hoteli ya Mayflower. Alikuja kupigania udhibiti wa kampuni moja ya mitambo ya mpira, na ameshindwa. Mfukoni ana kama dola kumi. Ni Jumamosi. Upande mmoja wa ukumbi kuna baa, na vicheko vya wanywaji vinamfikia pale alipo. Upande mwingine kuna simu na orodha ya makanisa ya mji.

Bill alikuwa na miezi mitano tu bila kunywa. Kabla ya hapo pombe ilikuwa imemmaliza: kazi imekwenda, fedha zimekwenda, mkewe Lois ndiye anayelisha nyumba kwa kufanya kazi dukani. Desemba 1934 aliingia kwa mara ya nne katika hospitali ya Towns, New York, iliyokuwa ikitibu walevi wenye uwezo wa kulipa. Daktari wake, William Silkworth, alikuwa na mawazo ya peke yake kwa wakati ule. Alisema mlevi wa aina hii si mtu mbaya wala dhaifu wa tabia, ni mgonjwa: mwili wake ukipata glasi ya kwanza hauwezi kusimama, na akili yake inamrudisha kwenye hiyo glasi ya kwanza.

Wiki chache kabla ya kulazwa, Bill alikuwa ametembelewa na Ebby Thacher, rafiki yake wa ujanani na mlevi mwenzake. Bill alimkaribisha kinywaji, Ebby akakataa. Alikuwa ameacha kwa msaada wa Oxford Group, kundi la Kikristo lililoanzishwa na mchungaji Frank Buchman, ambalo watu wake walikutana majumbani, wakaungama makosa yao na kuwalipa waliowakosea. Ebby naye alikuwa amefuatwa na watu wa kundi hilo, akiwemo Rowland Hazard, tajiri ambaye alitibiwa na Carl Jung kule Uswisi, akaambiwa kwamba udaktari umefika mwisho wake na kilichobaki ni kugeuka kiroho. Umeona mnyororo ulivyo? Mmoja anamtafuta mwingine, huyo anamtafuta mwingine.

Bill alitoka hospitalini na moto mkali. Kwa miezi mitano alizunguka New York akiwahubiria walevi, hata wengine akiwaleta kulala nyumbani kwake. Unajua wangapi waliacha? Hakuna. Hata mmoja! Alipolalamika, Lois ndiye aliyemwonyesha jambo ambalo yeye hakuliona: wao hawakuacha, lakini wewe hujanywa.

Sasa turudi pale hotelini. Bill anaiangalia baa na anajua kinachokuja. Na hapo ndipo alipoelewa kwamba anamhitaji mlevi mwingine, haraka, ili yeye mwenyewe asinywe. Habari ya kumwokoa huyo mwingine ilikuwa ya baadaye. Akaenda kwenye orodha ya makanisa, akachagua jina moja bila kulijua, mchungaji Walter Tunks, akapiga simu. Hebu fikiria, uko nyumbani Jumamosi jioni, mtu usiyemjua anapiga simu anasema ni mgeni mjini, ni mlevi, na anatafuta mlevi wa kuzungumza naye. Wewe ungekata. Mchungaji hakukata. Alimpa majina kama kumi. Bill akayapigia moja baada ya jingine: huyu hayupo, huyu ana shughuli. Mwisho kabisa akaelekezwa kwa mama mmoja, Henrietta Seiberling, aliyekuwa akiishi katika nyumba ya getini kwenye jumba la familia ya mumewe, Stan Hywet. Mama huyu alikuwa na rafiki, daktari mpasuaji, mlevi, ambaye kundi lake lilikuwa likimwombea. Akamwambia Bill aje.

Daktari huyo ni Robert Smith, Dr. Bob, miaka 55. Siku hiyo ya Jumamosi hakuweza kuja, alikuwa amelewa hoi. Wakakutana kesho yake, Mei 12, Siku ya Mama, saa kumi na moja jioni. Dr. Bob alikuja akiwa anatetemeka, kaletwa na mkewe Anne, na aliweka sharti: dakika kumi na tano, basi. Alishahubiriwa na kila mtu, alishasoma kila kitabu, na kama daktari alijua yote ambayo ungeweza kumwambia kuhusu ini lake.

Aliondoka saa tano usiku kupita. Saa sita nzima!

Kilichomkalisha ni nini? Dr. Silkworth alikuwa ameshamshauri Bill aache kuhubiri. Basi safari hii Bill hakuhubiri. Alisimulia yake: alivyokuwa akificha chupa, alivyomwahidi mkewe, alivyotetemeka, alivyoogopa. Na alimweleza wazi kwamba amekuja kwa faida yake mwenyewe. Dr. Bob baadaye alieleza kwamba huyu alikuwa mtu wa kwanza kuzungumza naye ambaye aliujua ulevi kutokana na kuuishi.

Nilipofika hapo niliweka kitabu chini. Kwa miaka minane mimi, Mama Mdogo, mchungaji na madaktari tumekuwa tukimwambia Baba Mdogo habari za pombe. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuamka anatetemeka.

Msidhani hadithi iliishia vizuri usiku ule. Wiki chache baadaye Dr. Bob alikwenda kwenye mkutano wa madaktari Atlantic City, akaanza kunywa huko huko na kurudi nyumbani akiwa hajitambui. Kulikuwa na operesheni inamsubiri siku tatu mbele. Bill na Anne wakamkalia usiku na mchana. Asubuhi ya operesheni Bill akampa chupa ya bia ili mkono utulie kwenye kisu. (Ndiyo, mmesoma sawasawa. Bia.) Alifanya operesheni, kisha akapotea kwa saa kadhaa. Alikuwa amekwenda kuwazungukia watu aliowakosea, awaombe radhi. Hiyo ndiyo bia yake ya mwisho mpaka alipofariki Novemba 1950, na tarehe inayotajwa, Juni 10, 1935, ndiyo AA wanayohesabu kuwa siku yao ya kuzaliwa. Baadaye mwezi huo huo wawili hawa walikwenda hospitali ya mji kumtafuta wa tatu, mwanasheria aliyekuwa amefungwa kitandani kwa kuwapiga manesi. Naye akaacha.

Kwa hiyo mkutano wa kwanza ulikuwa wa watu wawili, bila ofisi wala kadi ya uanachama. Jina la Alcoholics Anonymous lenyewe lilikuja kutoka kwenye kitabu walichokitoa Aprili 1939, walipokuwa kama watu mia moja, chenye zile hatua kumi na mbili na simulizi za watu walioacha. Cleveland, jirani na Akron, ndiko kikundi cha kwanza kilikoanza kujiita kwa jina hilo, Mei 1939.

Sasa tuje kwenye shida yangu: mtu wa mbali aliwapataje hawa watu? Mwanzoni hakuwapata. Aprili 1939 walipata dakika chache kwenye kipindi kimoja cha redio kilichosikika Marekani nzima. Wakatuma kadi 20,000 kwa madaktari kuwatangazia kitabu, na mwanachama aliyetakiwa kuongea redioni wakamfungia chumbani kwa siku kadhaa asije akalewa kabla ya kipindi. Baada ya kipindi wakaenda posta na masanduku ya kubebea majibu. Yalikuwa kumi na mawili. Waliotaka kununua kitabu walikuwa wawili. Wenyewe husimulia kisa hiki wakicheka.

Aliyewafungulia mlango alikuwa mwandishi wa habari, na hapa naomba mniruhusu nijivunie kidogo. Jack Alexander wa gazeti la Saturday Evening Post alikuwa bingwa wa kufichua utapeli. Alitumwa awachunguze hawa walevi waliopona, na alianza akiamini anachezewa maigizo. Alizunguka nao mji baada ya mji, akakaa kwenye mikutano yao, akabadilika. Makala yake ilitoka Machi 1, 1941. Wakati huo AA walikuwa kama 2,000. Mwaka ulipoisha walikuwa kama 8,000.

Barua zilimiminika kwa maelfu kwenye ofisi yao ndogo New York, nyingi zikiandikwa na wake na mama wa walevi. Mtu anaandika kutoka mji ambao hakuna kikundi, utamwambia nini? Walimtumia kitabu na barua, kisha majina wakawapa wanachama waliokuwa wachuuzi wa kusafiri, wale wanaokwenda mji hadi mji kuuza bidhaa za makampuni. Mchuuzi akifika, akimaliza biashara yake, anatoa orodha mfukoni anakwenda kugonga mlango. Miji mingi ilipata mkutano wake wa kwanza hivyo: mchuuzi mmoja, mwenyeji mmoja, jikoni. Waliokuwa peke yao kabisa, hata mabaharia melini, waliandikiana barua, na barua ndizo zikawa mkutano. Tangu corona ya 2020 ipo mikutano mingi kwa simu na kompyuta, lakini wazo lenyewe ni lile la barua.

Najua mtauliza swali la pili: kwa nini wanajificha? Kwa nini hawaweki bango kubwa tuwaone? Nami lilinikera. Jibu ni historia ya wengine waliowatangulia. Aprili 1840, wanywaji sita kwenye baa moja ya Baltimore waliamua kuacha pombe pamoja, wakajiita Washingtonians. Nao walisimuliana maisha yao badala ya kuhubiriana, na walikua kwa kasi ya ajabu, mamia ya maelfu ya watu wakaweka ahadi. Abraham Lincoln, akiwa bado mwanasheria kijana, aliwahutubia wenzao wa Springfield Februari 22, 1842. Lakini wakaingia kwenye ugomvi wa kisiasa wa kupiga marufuku pombe, na wakawafanya wasemaji wao kuwa mastaa. Mmoja wa mastaa hao, John Gough, mwaka 1845 alikutwa New York baada ya kunywa tena, na magazeti yakala sahani. Kabla miaka kumi haijaisha kundi lilikuwa limekwisha kusambaratika.

AA walilisoma somo hilo. Kanuni zao kumi na mbili za uendeshaji, zilizochapishwa 1946 na kupitishwa Cleveland 1950, zinasema kwa kifupi: hatuna msimamo kwenye siasa wala sheria za pombe, hatupokei fedha za nje, hakuna ada, sharti la kujiunga ni kutaka kuacha kunywa tu, na mwanachama hatajwi jina magazetini wala redioni. Aibu ya mlevi ni sababu moja tu. Wanaogopa pia siku staa wao atakapoanguka mbele ya kamera. Mwandishi anayependa majina, kama mimi, hapo analazimika kufunga kalamu.

Pia wapo watakaosema haya ni mambo ya Wazungu na ya Kikristo. Asili yake ndiyo hiyo, siwezi kuificha. Lakini kufikia 1945 kulikuwa na vikundi vya watu weusi St. Louis na Washington, nchi ikiwa bado ya ubaguzi. Na hatua zenyewe, baada ya mabishano makali na wasioamini waliokuwa ndani, ziliandikwa ili kila mtu aingie na Mungu kama yeye anavyomfahamu. Hapa kwetu, Zanzibar, mahali ambapo karibu kila mtu ni Mwislamu, soba hausi ya kwanza ilifunguliwa 2009, na hatua zile kumi na mbili zikatumika na watu waliokuwa wakitoka kwenye heroini. Waliowasimamia walikuwa watu waliopita njia hiyo hiyo.

Je, inafanya kazi? Uchambuzi mkubwa wa Cochrane wa mwaka 2020 ulikusanya tafiti 27 zenye watu zaidi ya 10,000. Ulikuta kwamba walioelekezwa kwenye AA kwa utaratibu maalumu, asilimia 42 walikuwa hawanywi kabisa baada ya mwaka, dhidi ya asilimia 35 kwa tiba nyingine. Kwa hiyo si muujiza. Zaidi ya nusu bado walikunywa. Ila ni njia ya bure, na haishindwi na zile za kulipia.

Na jambo moja la kiafya, tafadhali lisomeni mara mbili. Mtu anayekunywa sana kila siku asiachishwe ghafla nyumbani. Anaweza kupata degedege, kuona vitu visivyokuwepo, hata kufa. Aende hospitali kwanza, mkutano baadaye. Hata AA ya mwanzo ilitegemea hospitali. Agosti 1939 Dr. Bob na mtawa mmoja, Sister Ignatia, walianza kuwalaza walevi hospitali ya St. Thomas pale Akron, na kwa kuwa hospitali hazikuwataka, mgonjwa wa kwanza aliandikishwa kwa ugonjwa wa tumbo. Niliposoma hapo nilicheka peke yangu. Kumbe vidonda vyetu vya tumbo vina historia ndefu.

Sasa nirudi kwa Baba Mdogo. Baada ya kusoma yote hayo niliona kosa langu. Wiki tatu nzima nilikuwa natafuta ofisi. Bill hakutafuta ofisi, alitafuta mtu. Basi siku iliyofuata nilibadilisha swali. Sikuuliza tena "AA wako wapi?" Niliuliza, "Nani hapa alikuwa mlevi sana, akaacha?"

Wa kwanza kumuuliza alikuwa mama ntilie ninayekula kwake mchana. Hata hakufikiri. "Si yule mzee wa mkaa? Alikuwa analala mtaroni yule! Sasa hivi hata soda anauliza kwanza ina nini."

Nikamfuata, nikamwamkia, nikamweleza. Alinisikiliza huku anapima mkaa kwenye kopo. Akauliza kama mgonjwa ameshatoka hospitali na anakula. Nikasema ndiyo. Akasema: "Mlete Alhamisi. Usimdanganye kwamba mnakwenda harusini. Mwambie kabisa unampeleka wapi, na nani anamsubiri."

Baba Mdogo alikubali kwa sharti moja, kwamba tukae karibu na mlango.

Ni chumba nyuma ya kanisa, watoto husomea humo Jumapili, ukutani kuna picha za safina. Viti vya plastiki, chupa ya chai, watu tisa. Ilikuwa siku ya mkutano wa wazi, ambao hata ndugu anaruhusiwa kuingia. Ile mingine ni ya wenyewe tu. Hakuna aliyetuuliza dini wala kabila. Walisoma kidogo, kisha kila anayetaka akaongea, wengine wakanyamaza. Hakuna kukatizana, hakuna kushauriana. Kikapu kilipita, anayetaka akatia chochote. Nilichokisikia humo sikiandiki, na daftari langu lilibaki kwenye begi. Nitasema tu kwamba mtu mmoja alisimulia mahali alipokuwa akificha chupa, na Baba Mdogo akacheka kwa sauti. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu nikiwa sekondari. Yeye mwenyewe hakusema kitu siku hiyo. Tulikaa karibu na mlango mpaka mwisho.

Alhamisi ya tatu alisema jina lake. Baada ya wiki tano akaenda Moshi kwenye msiba wa binamu yake. Mbege ikaletwa, wazee wakampa kata, na akapotea siku nne. Nilihisi dunia imeniangukia. Mama Mdogo, aliyekuwa amerudi nyumbani, akaanza kufunga mizigo. Baba Mdogo mwenyewe aliporudi Dar aliona aibu kutoka nje. Mimi nikakumbuka Atlantic City, nikampigia mzee wa mkaa. Alikuja jioni ile ile na vidole vyeusi vya mkaa, akaomba wakae wawili tu uani. Sijui walizungumza nini. Nilisikia kiti kikivutwa, kisha kimya kirefu, kisha mzee anasimulia. Niliondoka saa nne usiku, walikuwa bado wamekaa.

Leo ni siku ya 63 tangu msiba ule. Mama Mdogo hajaondoka, ila mizigo hajaifungua yote. Mkono wa Baba Mdogo haujatulia kabisa. Wiki iliyopita alinifungia soketi chumbani kwangu, alichukua muda mrefu, na hakutaka nimshikie tochi.

Kwa wale mtakaoniuliza mikutano iko wapi: namba na mitaa siweki hapa, nyingine hubadilika na nyingine si zangu kuzitoa. Ulizeni hospitali, ulizeni makanisani na misikitini, tafuteni mtandaoni. Zikishindikana zote, ulizeni mama ntilie wenu ni nani mtaani alikuwa analala mtaroni na siku hizi halali. Huyo mkimpata, mwambieni ukweli, kisha waacheni wawili wakae.

Na kama unayesoma ni wewe mwenyewe, si ndugu yako, basi jua kwamba hata Dr. Bob alikwenda kwa ajili ya dakika kumi na tano tu.